Unaenda Kilwa? Yajue haya kabla hujapanda basi

Kwanza kabisa Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndo mji wenyewe, gesti ziko huko na bandari ya kuvukia iko huko. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani wa biashara, bado una boma la Mjerumani na kumbukumbu ya waliopigana Maji Maji wakanyongwa pale. Kilwa Kisiwani ndo yenye magofu unayoyaona kwenye picha. Sasa mtu anakata tiketi ya basi la Lindi au Mtwara anasema "nishushe Kilwa", anashushwa Nangurukuru ambayo ni njia panda tu, giza linaingia na Masoko bado ni kama kilomita 30 na kitu, hapo ndo unapangiwa bei ya bajaji. Uliza kabisa ukiwa Mbagala, Dar, kama gari linaingia Masoko.

Kibali shughulikia ukiwa Masoko, usikimbilie bandarini kwanza. Magofu yako chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) siku hizi, unalipia na unapewa mtu wa kukutembeza. Beba kitambulisho, maana bei ya Mtanzania na ya mgeni haziko sawa. Ukiweza pita ofisini siku moja kabla ili asubuhi kazi iwe kuvuka tu.

Sasa suala la bahari, na hapa ndo ratiba za watu wengi zinapoharibikia. Kwenda Kisiwani ni karibu tu, unapaona ukiwa Masoko, ila anayepanga saa ya kuondoka ni maji, sio wewe. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi yanatoka saa ngapi, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana), la sivyo utashuka mbali utembee kwenye tope. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni mbali zaidi na kuna mikoko, kule viatu vya kulowana ni lazima na uitengee siku yake kabisa, kuunganisha visiwa vyote viwili siku moja mi naona ni kujitesa. Msimu wa kusi (upepo wa kusini) bahari huwa inachafuka mchana, ondokeni mapema. Na boti isiyo na maboya usipande hata kama ni ya bei chee.

Kisiwani hakikisha una maji ya kunywa na kofia. Gereza, yaani ngome ya zamani, liko pale ufukweni na Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, hauko mbali nalo, ila Husuni Kubwa iko upande wake huko, unatembea juani hasa. Wengi wanachoka wanaiacha, na ndo jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyekuwa anatawala Ibn Battuta yule msafiri maarufu alipofika 1331! Anza na huko jua likiwa bado dogo. Kuta ni matumbawe na chokaa, usipande kupiga selfi, magofu haya yalikaa orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini toka 2004 mpaka 2014.

Kuna watu wanaishi kisiwani, ni kijiji cha Waislamu, so dada beba kanga na kaka kaptula fupi iache gesti. Usipige watu picha bila kuomba. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kupata chakula mchana.

Keshi beba ya kutosha, na noti ndogo ndogo, nahodha hana chenji. Na kama ni masika fuatilia habari za barabara kwanza, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya kusini ilikatika huku huku Kilwa, magari yakalala njiani.