Unanunua kiwanja cha mradi? Ulizia kwanza eneo la wazi liko wapi

Jamani hizi kampuni za viwanja zikikupeleka saiti zitakuonyesha barabara, nguzo ya umeme, labda na kisima, ila uliza watoto watachezea wapi uone watu wanavyoanza kukohoa.

Kwa hapa Tanzania fanya hivi: kabla hujatoa hata advansi omba kopi ya mchoro wa mipango miji uliopitishwa, sio ile ya rangi rangi wanayorusha WhatsApp, ile ni tangazo tu. Tafuta eneo la wazi, andika limepakana na viwanja namba ngapi, halafu nenda na mchoro huo halmashauri kwa afisa mipango miji akuthibitishie, maana kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri ndo mamlaka ya upangaji.

Kisha rudi saiti na buti zako utafute bikoni, yale mawe ya mipaka. Mimi mradi mmoja niliambiwa bustani ipo, kufika nakuta korongo, hata mbuzi anashuka kwa kujifikiria, kwenye karatasi lakini kijani safi kabisa!

Kama mshanunua, msikae kimya. Itisheni kikao kupitia mwenyekiti wa mtaa, andikeni barua halmashauri na kopi yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo kopi itunzeni kama hati. Pandeni miti pembeni, wekeni magoli, eneo likionekana pori tu kuna mtu ataleta matofali usiku. Na mkiona bango la kubadili matumizi ya ardhi pigeni picha siku hiyohiyo mpeleke pingamizi kwa maandishi, kulalamika kwenye grupu hakuhesabiki.