SOMO: Kubomoa nyumba ya mbao Goma bila kumutupia jirani kifusi

Jambo wandugu. Kila mutu hapa Goma sasa anataka kutoka mu nyumba ya mbao apandishe ya mawe ao ya blok, muzuri sana, lakini ile ya zamani inaenda wapi? Inaenda mu kanivo (mufereji wa maji ya mvua). Najua juu na mimi nilifanya: mwaka wangu wa kwanza ya kujenga, kule Majengo, nilirundika kifusi kando ya barabara nikasema kesho nitatosha, usiku mvua ikapiga, asubuhi maji yote ilikuwa ndani ya duka ya jirani na mifuko yake ya unga inaelea. Nililipa. Kwa hiyo sikilizeni.

1. Chagua vitu WAKATI unabomoa, apana kisha. Hii njo somo yote, ukichanganya mbao, misomari, udongo na mawe mu mulima moja umeshapoteza feza, hakuna mutu atanunua ile. Weka nafasi ine mu parseli (kiwanja) mbele hata nyundo haijapiga: manjanja (mabati), mbao, mawe, na zile za kutupa kweli. Ya misomari weka ndoo.

2. Anza juu. Nyumba inabomolewa kinyume na vile ilijengwa. Manjanja kwanza, ngoa musomari na mutarimbo polepole, usipige kutoka chini, sababu itakunjika na tundu itapanuka. Zenye tundu mingi zinatosha kufunika kuku ao kuzungushia choo. Kisha shevro (mbao za kushikilia manjanja), kisha mbao za ukuta. Ubao wenye umeoza chini, kata tu sentimetre 30 ile ya chini, ile ingine iko nzima! Watu wanatupa ubao muzima juu ya kipande kidogo, inaniuma.

Na misomari: usiache hata moja chini. Viatu vigumu, apana sapatu.

3. Fondasyo. Hapa njo kuko feza. Mawe yetu ya lava, mengi ni ile ya 17 Januari 2002, wakati volkano Nyiragongo ililipuka, watu walipasua na mikono wakajengea juu yake tena, haizeeki. Shika jiwe, geuza, tafuta pale sima imeshikia, piga na nyundo ndogo kwa pembeni: ukisikia sauti kavu "ta" sima inatoka kama ganda, ukisikia "pu" acha, jiwe ina ufa. Mutoto wa kazi mwenye kuzoea anasafisha mengi kwa siku, na ukuta mupya unaanza na mawe yako mwenyewe.

4. Hesabu mbele ya kuita chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma). Ukuta wa mawe wa metre 4, kwenda juu metre 2 na nusu, unene sentimetre 20, ni metre kube 2. Ukivunjika inakuwa karibu 3, juu kati ya vipande kunaingia hewa. Wengi wanahesabu ukuta wenye umesimama, kisha wanashangaa safari hazimaliziki.

5. Krepi (plasta ya ukuta) na vumbi: mwangia maji kidogo mbele ya kubeba. Usitupe ku ziwa, kuko wamama wanachota kule.

MASWALI

Mama wa Katindo: Kaka, mbao zenye rangi, naweza kupikia?
– Apana mama. Rangi ya zamani inaweza kuwa na plombi (risasi, ile metali yenye sumu), moshi wake unaingia ku chakula na ku watoto. Zile hazina rangi, sawa, lakini toa misomari kwanza.

Fundi kijana, Ndosho: Kifusi naweza kuchanganya mu beto (zege) ya poto (nguzo)?
– Usijaribu. Krepi iko na vumbi na inakunywa maji, poto itakuwa dhaifu. Weka chini ya dali (sakafu ya beto), tandika sentimetre 15, mwangia maji, twanga, kisha tandika ingine. Na fer (chuma) ya zamani yenye ilikunjwa ukainyoosha, usiweke mu poto, tumia ku uzio.

Wa Mugunga: Kuko kishimo nyuma ya nyumba, nataka kujaza kifusi.
– Simama kwanza!! Upande wenu kuko mazuku. Ile gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inalala mu mabonde, haina harufu wala rangi, na usiku ao asubuhi bila upepo inakuwa mbaya zaidi. Ukiona panya ao ndege wamekufa mule, usishuke na usitume mutoto. Kuijaza haiui gesi, inaweza kutafuta ufa mwingine, labda chini ya kitanda chako. Uliza watu wa OVG mbele, wale wa Goma wanaochunguza volkano.

Dada wa Himbi: Tumekuta tegula (vigae vya paa) za kijivu za zamani, zile za Eternit.
– Zile za zamani zinaweza kuwa na amianti (asbesto), vumbi yake inaleta kansa ya mapafu kisha miaka mingi. Usivunje, usisage, usipige nyundo. Lowesha maji, shusha nzima nzima, funga mu bashi (turubai) mara mbili, na usiweke pamoja na kifusi kingine.

Wa chukudu: Munatupakia majiwe kama kitanda halafu munasema "ni karibu tu". Nani atashikia kwenye mutelemuko?
– Haki yako papa. Nyinyi wenye parseli: jiwe lisizidi kile mutu mumoja anainua bila kukunja mugongo, mazito yalale chini, na mulipe kwa safari, apana kwa siku.