Pakiti ngapi kati ya mia zimepunjwa? Kutumia mtawanyo wa kawaida hatua kwa hatua

Pakiti ya unga iliyoandikwa "kilo 2" ni nadra kuwa na gramu 2,000 kamili. Iweke kwenye mizani nzuri utasoma 2,011, inayofuata 2,002, nyingine 1,991. Nasimamia vipimo kwenye kinu cha sembe, na swali ninaloulizwa sana na wanaoanza kazi hii ni moja: tukilenga gramu 2,010 badala ya 2,000, si tumeshajihami? Hapana, bado. Gramu kumi za ziada zinaonekana nyingi mpaka uzipigie hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya mtawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele. Unahitaji mizani, karatasi, kikokotoo na jedwali la z, lile la vitabu vya takwimu. Mwenye Excel anaweza kuacha jedwali, lakini nakushauri ufanye kwa mkono mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Pima

Chukua pakiti zisizopungua 30. Usizichukue zote kwa mfululizo saa mbili asubuhi watu wakiwa bado na nguvu. Chukua mbili au tatu kila baada ya muda, mpaka jioni. Ondoa uzito wa pakiti tupu. Kila namba iandikwe, hata ile inayotia aibu, maana ukiiacha hiyo umeharibu kazi yote.

Hatua ya 2: Tafuta wastani na mkengeuko sanifu

Ili hesabu ionekane vizuri, natumia pakiti nane tu hapa: 1,991, 2,027, 2,000, 2,022, 2,017, 2,002, 2,011 na 2,010. Jumla ni 16,080. Gawa kwa 8, wastani ni gramu 2,010.

Sasa angalia kila pakiti iko mbali kiasi gani na wastani: -19, 17, -10, 12, 7, -8, 1, 0. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe: 361, 289, 100, 144, 49, 64, 1, 0. Jumla 1,008. Gawa kwa 7, yaani idadi ya pakiti ukitoa moja, unapata 144. Kipeuo cha pili cha 144 ni 12. Huo ndio mkengeuko sanifu: gramu 12. Wastani unakuambia mkono unalenga wapi. Mkengeuko unakuambia mkono unatikisika kiasi gani.

Hatua ya 3: Hakikisha ni kengele kweli

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo ninayoijali kuliko zote. Chora mstari wa gramu kuanzia 1,970 hadi 2,050, kisha kwa kila pakiti weka nukta juu ya uzito wake. Nukta zikirundikana katikati na kupungua pande zote mbili kwa kiasi kinachofanana, endelea. Zikifanya umbo jingine, simama.

Niliwahi kuchora nikapata vilima viwili, kimoja karibu na 2,000 na kingine karibu na 2,020. Wastani ulikuwa 2,010, mzuri kabisa kwenye karatasi, lakini pakiti zenye uzito huo zilikuwa chache mno. Tulipofuatilia tukakuta mizani mbili zinatumika, na moja haikuwa imerudishwa sifuri baada ya kuwekwa pakiti tupu. Hapo hakuna jedwali litakalokusaidia. Tenganisha takwimu za kila mizani, kisha uanze upya.

Kengele hutokea pale ambapo sababu nyingi ndogondogo, hakuna hata moja yenye kutawala, zinajumlishwa: mkono, unyevu wa unga, mtikisiko wa meza, punje zilizobaki kwenye kijiko. Abraham de Moivre aliufikia mchoro huu mwaka 1733 akihesabu matokeo ya kurusha sarafu mara nyingi, na sarafu ni mfano uleule wa vitu vidogo vinavyojumlishwa. Sasa fikiria muda wa safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta. Siku njema unafika mapema kidogo, lakini siku ya foleni unaweza kuchelewa saa nzima au zaidi. Mkia wa upande mmoja ni mrefu kuliko wa pili, kwa hiyo kengele itakudanganya. Kipato cha watu na mauzo ya duka kwa siku huwa hivyo pia.

Hatua ya 4: Chora swali kabla ya kukokotoa

Swali letu: pakiti ikichukuliwa bila kuchagua, kuna uwezekano gani iwe chini ya gramu 2,000? Chora kengele. Katikati andika 2,010. Kushoto kwake weka 2,000, piga mstari wima, kisha tia kivuli upande wote wa kushoto wa mstari huo. Eneo lenye kivuli ndilo jibu. Ukiliona kwa macho kwamba ni chini ya nusu, basi hesabu ikikuletea 0.80 utajua papo hapo umeshika upande usio wako. Makosa mengi ninayosahihisha ni ya upande, si ya kugawanya.

Kabla ya jedwali, tumia pia kipimo hiki cha haraka: takriban pakiti 68 kati ya 100 zitakuwa ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani (1,998 hadi 2,022), takriban 95 ndani ya miwili (1,986 hadi 2,034), na karibu zote ndani ya mitatu. Zilizobaki nje ya 1,998 hadi 2,022 ni 32, na nusu yake, 16, ziko chini ya 1,998. Kwa hiyo zilizo chini ya 2,000 lazima zizidi 16 kidogo. Tayari unajua jibu litakuwa wapi.

Hatua ya 5: Geuza gramu kuwa z

Toa wastani kutoka kwenye uzito unaouliza, kisha gawa kwa mkengeuko sanifu:

z = (2,000 - 2,010) ÷ 12 = -0.83

Maana yake 2,000 iko chini ya wastani kwa mikengeuko 0.83. Ukishakuwa na z, unga umesahaulika. Jedwali hilohilo linatumika kwa unga, mayai na urefu wa misumari.

Hatua ya 6: Soma jedwali

Majedwali mengi hutoa eneo lote la kushoto. Shuka hadi safu ya 0.8, nenda kulia hadi 0.03, utakuta 0.7967. Hilo ni eneo la kushoto ya z chanya. Kwa kuwa kengele inalingana pande zote, eneo la kushoto ya -0.83 ni 1 - 0.7967 = 0.2033. Majedwali mengine huanzia katikati na kukupa 0.2967, kwa hayo utatoa 0.5 - 0.2967. Soma maelezo juu ya jedwali lako kwanza.

Kwa Excel andika =NORM.DIST(2000,2010,12,TRUE), utapata 0.2023. Tofauti hiyo ndogo inatokana na sisi kukadiria z kwa desimali mbili.

Basi ndivyo: tumeongeza gramu kumi kwa kila pakiti, na bado kama pakiti 20 kati ya 100 zimepunjwa.

Ukiuliza upande wa kulia, njia ni ileile. Tuseme mayai ya banda lako yana wastani wa gramu 58 na mkengeuko 5, na hoteli inataka yenye gramu 55 na kuendelea. z = (55 - 58) ÷ 5 = -0.60. Kushoto ni 0.2743, kulia ni 0.7257. Katika trei 10, yaani mayai 300, tegemea kama 218 yatakayokubaliwa. Usiahidi trei 8.

Hatua ya 7: Usidanganywe na bunda

Wapo wanaopima bunda la pakiti 12, wanakuta limezidi kilo 24, wanaridhika. Tukokotoe. Wastani wa bunda ni 12 × 2,010 = gramu 24,120. Mkengeuko, lakini, hauzidishwi kwa 12. Unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 3.46, kwa sababu pakiti iliyozidi hufidia iliyopungua. Unapata gramu 41.6. Uwezekano wa bunda kuwa chini ya 24,000: z = -120 ÷ 41.6 = -2.88, eneo 0.0020. Mabunda 2 tu kati ya 1,000!

Unga uleule, siku ileile. Bunda linaonekana salama, na ndani yake kwa kawaida kuna pakiti mbili au tatu pungufu. Mama aliyetumwa pakiti moja dukani hana nyingine kumi na moja za kumfidia. Mkulima keshaumizwa shambani na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Mlaji asipunjwe tena mezani. Pima pakiti mojamoja.

Hatua ya 8: Rudi nyuma, kutoka uwezekano hadi gramu

Sasa geuza swali. Tunataka pakiti pungufu zisizidi 1 kati ya 100. Tulenge gramu ngapi? Tafuta ndani ya jedwali eneo la 0.01: z ni -2.33. Lengo = 2,000 + (2.33 × 12) = gramu 2,028. Kwa pakiti 1,000 kwa siku hizo ni kilo 28 za unga zinazotoka bila kulipiwa.

Njia ya pili ni kutuliza mkono. Feni isipulize juu ya mizani, maana tarakimu hazitulii. Meza iwekwe mbali na mashine. Anayejaza asiwe yeye anayefunga. Anayesoma asubiri namba isimame. Mkengeuko ukishuka hadi gramu 5, lengo linakuwa 2,000 + (2.33 × 5) = 2,012, na kilo 16 kwa siku zinabaki ghalani.

Usishushe lengo kabla hujapima tena. Chukua pakiti 30 mpya, chora nukta, kokotoa mkengeuko upya. Ukikuta 7 badala ya 5 uliyotarajia, hesabu inatoa 2,016.3, pandisha: lengo lako ni 2,017.