Ruhusa Kabla ya Picha: Kufanya Kazi ya Kamera Ugenini

Mpigapicha anayehamia nchi ya kigeni hupenda kuanza na lenzi, ilhali kinachoamua kama atadumu huko ni karatasi. Kibali cha ukaazi si kibali cha kufanya kazi, na kibali cha kuajiriwa na kampuni moja mara nyingi hakimruhusu mtu kujiajiri, hata kama kazi yenyewe ni harusi ya Jumamosi moja tu. Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, soma masharti ya viza yako neno kwa neno, kisha uwaulize watu wa uhamiaji kwa maandishi, ili jibu lao nalo ubaki nalo kwa maandishi. Kodi iulizwe mapema vilevile, kwa kuwa nchi nyingi humhesabu mgeni kuwa mkaazi wa kutozwa kodi anapotimiza siku 183 ndani ya mwaka, na baadhi huangalia pia yalipo makao yake ya kudumu.

Vifaa navyo huulizwa mpakani. Andaa orodha yenye jina la kila kifaa, namba yake ya utambulisho na thamani yake, pamoja na stakabadhi za ununuzi. Kwa safari ya kazi ya muda, waraka wa forodha uitwao ATA Carnet, uliotokana na mkataba wa mwaka 1961, humwezesha mtu kuingiza vifaa bila ushuru kwa muda usiozidi mwaka mmoja katika nchi zinazoutambua. Anayehamia moja kwa moja haumfai. Betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa, wala hazipakiwi tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na hesabu yake ni kuzidisha volti kwa ampia-saa: betri ya kamera yenye volti 7.2 na ampia-saa 2.28 ina wati-saa 16 na ushei, kwa hiyo haina shida. Zile kubwa za video ndizo za kuangaliwa, kwani zinazozidi 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege.

Lipo jambo dogo ambalo wengi hulijua wakishaharibikiwa, nami nikiwa mmoja wao. Umeme wa nchi nyingi una hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, wa Marekani una hezi 60, na Japani inayo yote mawili, Tokyo ikitumia 50 na Osaka 60. Taa nyingi za ukumbini hupepesa mara mbili ya idadi hiyo kila sekunde. Nilikuwa nimezoea kasi ya shata (kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia kamerani) ya 1/100, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, inayolingana na mpepeso wa taa penye hezi 50. Nilipohamia penye hezi 60 nikaing'ang'ania, tena kwa shata ya kielektroniki, ambayo husoma picha mstari baada ya mstari, na nyuso za wageni wa hafla zikatoka na michirizi ya giza. Huko nilipaswa kutumia 1/60 au 1/125. Piga picha tatu za majaribio ukumbini kabla watu hawajaingia.

Ruhusa ya anayepigwa picha ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hubadilika kila uvukapo mpaka. Ujerumani ina sheria ya mwaka 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla sura yake haijachapishwa, ingawa ipo misamaha, kama vile mtu anayeonekana kwa bahati tu katika mandhari. Ufaransa, taa za usiku za mnara wa Eiffel zina hakimiliki, na matumizi ya kibiashara ya picha hizo huombewa idhini. Fomu ya ridhaa iwe ya ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mwenye sura; sahihi iliyowekwa chini ya maneno asiyoyaelewa mimi siihesabu kuwa ridhaa.

Kuhusu picha zenyewe, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki wa mwaka 1886, na marekebisho yake hulinda kazi ya sanaa bila kusajiliwa, lakini nani anaimiliki hutegemea sheria ya nchi na mkataba wa kazi. Uingereza, kwa mfano, picha alizopiga mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Andika basi katika mkataba picha zitatumika wapi, kwa muda gani, malipo yatakuwa kwa sarafu ipi, na makato ya benki ya kutuma fedha nje yatabebwa na nani.