Somo: Kutia injini ya 1800 kwenye Mazda Roadster ya 1600, kadi kwanza spana baadaye

Assalaam alaykum wadau. Somo hili ni la wenye Mazda Roadster za mwanzo, zile zenye taa za kuchomoza, walio na injini ya 1600 na wanataka nguvu zaidi bila ya moyo kuwadunda kila wakisimamishwa na trafiki. Mwenye gari nyengine ndogo ya spoti afuate upande wa makaratasi. Upande wa chuma kila gari ina mambo yake.

Kwa nini 1800 ya Mazda hiyo hiyo? Gari hii ilianza kuuzwa 1989 na injini iitwayo B6, cc 1597, nguvu za farasi 120 kwa hesabu ya Japani. Mwaka 1993 ikaja injini iitwayo BP, cc 1839, farasi 130. Najua, farasi kumi hazimtoi mtu jasho. Raha iko kwenye msukumo (toki): wa 1600 unafika juu kabisa kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, wa 1800 ni mkubwa zaidi na unafika kwenye 4,500. Kwa barabara zetu, unatoka tuta hili unaingia lile, huo wa chini ndio unaoutumia kutwa. Halafu injini hizi ni ndugu. BP inakaa kwenye mauntingi za B6 na inashika gia boksi ile ile ya gia tano. Hukati chesi wala huchomelei kitu, na mkaguzi akifungua boneti anakuta injini ambayo Mazda wenyewe waliitia kwenye gari hiyo.

HATUA YA 1: Ijue gari yako kabla ya kununua chochote
Toa kadi ya gari, fungua boneti, linganisha namba ya chesi na namba ya injini. Utashangaa ni gari ngapi za Unguja hazilingani tangu zamani na mwenyewe hana habari. Kama hailingani, hilo ndilo la kumaliza kwanza. Ukilirukia, ukaguzi wa injini mpya utafukua na la zamani.

Hapo hapo pekua vizingiti chini ya milango. Roadster ina vitundu vya kutolea maji ya paa nyuma ya viti. Vikiziba, maji ya masika yanashuka ndani ya vizingiti na kuula mchuma kimya kimya, na chumvi ya hewa yetu inamalizia. Kizingiti kikiingia bisibisi, pesa ya injini ipeleke kwa fundi bodi.

HATUA YA 2: Uliza ofisini kabla ya kufungua nati
Huku kwetu Zanzibar mambo ya barabarani yanakwenda kwa Sheria ya Usafiri wa Barabara Namba 7 ya 2003. Nenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto na barua fupi: gari namba fulani, chesi fulani, injini iliyopo cc 1597, unayotaka kutia cc 1839 ya mtengenezaji huyo huyo, sababu, na gereji itakayofanya kazi. Omba orodha ya wanachotaka kwa maandishi, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mafundi wengi watakwambia "tia tu, nani atajua." Fundi hatakuwepo siku gari imegonga mtu na bima inasoma namba ya injini.

HATUA YA 3: Nunua injini yenye mwenyewe
Ikitoka nje, weka invoisi na karatasi za forodha ya TRA. Ikitoka kwenye gari iliyopata ajali hapa hapa, taka nakala ya kadi ya gari hiyo, nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi cha muuzaji, na hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha au wakili. Namba ya injini iandikwe kwenye risiti, isiwe "injini moja ya Mazda" basi. Bloku iliyosuguliwa namba usiiguse hata ukipewa bure.

Na usinunue injini tupu. Kama uwezo upo, chukua nusu gari iliyokatwa, au angalau injini pamoja na fulaiwili, klachi, eksosi, wayaringi, kompyuta ya injini, breki za mbele, na difu (gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma) na mashafti yake. Ukianza kutafuta kimoja kimoja Darajani na Mwanakwerekwe utalipa mara mbili, na vyengine hutavipata mpaka uvuke bahari.

HATUA YA 4: Kazi yenyewe
Injini na gia boksi vinatoka pamoja kwa juu. Gia boksi ya Roadster haina maunting yake mwenyewe. Mbele inashikwa na injini, nyuma inashikwa na boriti ndefu ya aluminiamu inayokwenda mpaka kwenye difu. Boriti hiyo ifunguliwe kwa utaratibu, gia boksi iwe imeegemezwa, na wakati wa kurudisha ipimwe ikae sawa. Ikikaa upande utasikia mtetemo na utalaumu injini.

Injini ikiwa chini, badilisha taimingi belti, wota pampu, thamostati na oili sili za mbele na nyuma. Vitu vya bei ndogo hivyo, na kuvifikia baadaye ni kufumua upya.

Klachi: ya 1600 ni milimita 200, ya 1800 ni 215. Fulaiwili inakwenda na klachi yake, usichanganye.

Umeme ndipo wengi wanapokwama. Sensa ya hewa ya 1600 ni ya bawa linalosukumwa na upepo, ya 1800 ni ya waya wa moto. Hazisemi lugha moja. Kanuni yangu ni kwamba kompyuta na sensa zake zitoke kwenye gari moja. Ama ubaki na kompyuta ya 1600 pamoja na sensa zake juu ya injini ya 1800, ama uhamishe za 1800 zote. Njia ya kwanza ni nyepesi, kwani wayaringi ya gari haiguswi. Fundi akikwambia atakata na kuunga, muombe akuchoree kwanza.

Difu ya 1600 ni ndogo, ndiyo inayovunjika mwanzo. Difu ya 1800 inaingia, ila inataka propela shafti na shafti za magurudumu za 1800 pia. Breki za mbele vivyo hivyo: disiki za 1600 zina milimita 235, za 1800 zina 255. Kwangu mimi breki si za hiari. Gari iliyoongezwa mwendo na kusimama kwa breki za zamani sitaitetea mbele ya mkaguzi. Rejeta nayo isafishwe au ibadilishwe. Foleni ya Darajani saa saba mchana haina huruma.

HATUA YA 5: Ukaguzi, kadi, bima
Peleka gari ikiwa safi, haivuji, eksosi kimya, namba ya injini imepigwa brashi inasomeka. Chukua faili lako lote. Kadi ikishatoka na namba mpya na cc mpya, ndipo uende kwa kampuni ya bima, iwe Shirika la Bima la Zanzibar au nyengine, warekebishe hati. Bima yenye cc za zamani inampa mtu wa madai mlango wa kukukwepa.

MASWALI YA WADAU

Fundi wa Jang'ombe: Sheikh, kwa nini tusitie injini ya 3S ya Toyota, cc 2000? Spea zake tele.
Jibu: Spea tele, kweli fundi wangu. Lakini 3S nyingi zilikaa kwa ubavu kwenye gari za kuvuta mbele. Hapa injini inakaa kwa urefu na kusukuma nyuma, kwa hiyo utatengeneza mauntingi, karata (bakuli la oili chini ya injini), gia boksi, propela, kila kitu. Marekani wapo wanaotia hata V8 ya Ford ya lita tano, na wanabadilisha fremu ya mbele, difu na breki. Inawezekana, ila mbele ya mkaguzi hiyo ni gari uliyoiunda wewe, na kila ulichochomelea utakieleza.

Mdau wa Wete: Huku nina chenbloku ndogo. Naweza kutoa injini peke yake, gia boksi ibaki?
Jibu: Unaweza, lakini kumbuka ile boriti. Injini ikitoka, mbele ya gia boksi hapana kinachoshika. Tia jeki na gogo kabla ya kufungua boliti ya mwisho, na usiingie chini yake. Na chenbloku ifunge kwenye kitu cha maana, si tawi la mwembe.

Dada wa Mbweni: Kaka, mimi gari nimeinunua tayari ina 1800, kadi inasema 1600. Muuzaji alisema haina neno.
Jibu: Lina neno, dada yangu, na sasa ni lako. Kwanza mtafute muuzaji akupe karatasi za injini, au akuandikie alikoipata, mbele ya sheha wako. Pili, nenda mwenyewe ofisi ya usajili ukaeleze kabla hujakamatwa. Anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa. Jitayarishe polisi kuichunguza namba hiyo kama si ya wizi. Mpaka hapo gari ipumzike nyumbani.

Kijana wa Fuoni: Na kutia tabo, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini?
Jibu: Somo jengine. Juu ya difu ya 1600, hapana.

Mdau wa Chake Chake: Injini ya zamani niiuze?
Jibu: Isubiri kadi mpya itoke, maana ukaguzi ukikwama huenda ukairudisha. Ukiiuza, mpe mnunuzi risiti yenye namba yake nawe ubaki na nakala, asije siku moja akaitia pengine ukatafutwa wewe. Na kama ni ya mwanzo kabisa, kabla ya katikati ya 1991, mwambie ukweli: krenki yake ina pua fupi, na pale inapokaa puli ya mbele huliwa. Afungue aangalie kabla hajatoa pesa.