Ukiona "gata" kwenye menyu ujue ni tui: namna ya kula kwenye hoteli ya Wafilipino

Watu wetu wengi wanaokwenda Dubai kuchukua mzigo wanafikia Deira, na mitaa ile hoteli za Kifilipino zipo nyingi tu, lakini Mzanzibari atazipita zote aende akale biriani siku 10 mfululizo manake ile menyu haelewi hata neno moja. Mie mwenyewe nlikuwa hivo hivo. Sasa hebu shika neno moja tu, gata. Gata kwao ndo tui. Kitu kilichopikwa kwa tui wanaita ginataan, afu jina la kitu chenyewe linafuata nyuma, ginataang hipon ni kamba wa nazi, ginataang langka ni fenesi bichi la nazi, ginataang manok kuku wa nazi. Yani vile vile tunavosema sie muhogo wa nazi, pweza wa nazi.

Neno la pili, na hili usilisahau hata ukiwa na njaa ya kufa, ni baboy. Hilo ni nguruwe. Zipo hoteli Dubai hazipiki kabisa, wanaweka ng'ombe au kuku badala yake, zipo nyengine zinapika, kwahiyo uliza kabla hujakaa: "May baboy ba?" Wakijibu "meron" ipo, wakijibu "wala" hamna. Na usiulize ya nyama peke yake, uliza na ya mboga, manake wao mboga ya majani kutiwa vipande vya nguruwe ni jambo la kawaida tu, mie siku moja (sio Dubai) nlichota mboga nikijua ni majani matupu, nikaona kipande cheupe kinateleza, nikauliza, nikaacha sahani pale pale nikanunua mkate. Ukiona liempo au lechon hayo pia ni ya nguruwe mara nyingi, pita mbali.

Ukiwa na wasiwasi na menyu tafuta zile hoteli wanazoita turo-turo. Turo maana yake kuoneshea kidole. Vyakula vimepangwa kwenye vioo, unaonesha hichi na hichi, unapakuliwa. Mhudumu wa kike mwite "ate", wa kiume "kuya", ni dada mkubwa na kaka mkubwa, na ukitia "po" mwisho ndo heshima yenyewe. Salamat po, ahsante. Wallahi ukisema hivo tu wanakuchangamkia.

Haya, uagize nini. Wapishi wenyewe wa tui ni watu wa Bicol, kule kusini mashariki ya kisiwa cha Luzon, na chakula chao kikubwa ni laing, majani ya majimbi yaliyokaushwa yakapikwa kwa tui na pilipili na tangawizi. Usidharau majani ya majimbi. Yakipikwa vibaya yanawasha koo, wenyewe wanakwambia usiyakoroge mpaka yaive, lakini yakipikwa vizuri kisamvu kinakaa pembeni na mie ni mtu wa kisamvu.

Hapa ntakusimulia kidogo. Nlikwenda na shangazi yangu wa Wete, alikuja kununua mashuka, nikamwagizia laing (nlishauliza, haina nyama). Imekuja imekauka, mafuta yanaelea juu. Shangazi akaangalia akasema tui limekatika hili, huyu mpishi kalala. Na kwa kwetu kasema kweli, sie tunatia tui jepesi mwanzo, kasimele mwisho, unakoroga pole pole lisikatike, likikatika mama mkwe anakuangalia jicho la pembeni. Lakini kule Bicol wanaliacha lichemke makusudi mpaka litoe mafuta yake, hapo ndo wanasema imeiva. Kwahiyo ukiona mafuta usirudishe sahani, ndo yenyewe hiyo. Shangazi alikula yote lakini hajakubali mpaka leo.

Bicol Express utaiona kila pahala, jina limetokana na treni ya kutoka Manila kwenda Bicol. Hiyo kiasili ni nguruwe, uduvi, tui na pilipili nyingi, sasa kama hoteli inapika ya ng'ombe au ya kuku sawa, kama hamna iache. Na ukila jua kwamba pilipili pale sio ya pembeni kama yetu unayojitilia mwenyewe, imepikwa humo humo, zile ndefu za kijani zinakuwa kama ndo mboga yenyewe. Mtoto usimpe. Kuuliza kama inawasha unasema "maanghang ba?"

Afu kuna bagoong. Huo ni uduvi uliochachishwa na chumvi, unanuka. Sikufichi, unanuka, lakini mtu aliekulia karibu na ng'onda na papa mkavu wa Darajani atakimbia nini? Unatiwa kidogo kwenye tui na harufu inageuka utamu, isipokuwa chumvi yake kali kwahiyo usiongeze chumvi mezani kabla hujaonja. Mtu wa kuanza mie namshauri aanze na ginataang kalabasa at sitaw, boga na zile kunde mbichi ndefu zinazoliwa na ganda lake, kwa tui, mara nyingi na kamba. Halafu kama utabahatika kuipata kinunot basi Wapemba mtafurahi, ni papa au taa aliechambuliwa akapikwa kwa tui na majani ya mlonge. Papa wa nazi kabisa, tofauti yake majani.

Wali wao ni mweupe, hauna nazi wala hata chumvi, usishangae ukauona hauna ladha, umepikwa hivo ili upokee mchuzi. Usiagize kila mtu sahani yake, watu 4 agizeni vitu 3 na wali muweke kati, vyote vinakuja pamoja. Wengi wanakula kwa kijiko mkono wa kulia na uma wa kushoto wa kusukumia, lakini kula kwa mkono wanako pia na wanakuita kamayan, kwahiyo nawa ule, hakuna atakaekushangaa. Mezani utapewa siki na toyo (soya sosi) na vindimu vidogo vya kalamansi, unachanganya mwenyewe kwenye kibakuli.

Kama unataka roho itulie kabisa kuhusu halali tafuta pahala wanapopika vya Mindanao na Sulu, visiwa vya kusini ya Ufilipino, kule kuna Waislamu wengi, makabila kama Wamaranao na Watausug. Wamaranao wana rendang yao, nyama iliyopikwa kwa tui. Watausug wana tiyula itum, supu ya ng'ombe nyeusi tii, nyeusi kama wino, manake nazi inachomwa mpaka inaungua ndo inasagwa na viungo. Utadhani mpishi kaunguza. Hajaunguza.

Baki na nafasi ya tamu. Ginataang bilo-bilo, au binignit kwa watu wa Visayas, visiwa vya katikati ya Ufilipino, ni ndizi, viazi vitamu, sagu na vidonge vya unga wa mchele unaonata, vyote kwenye tui la sukari. Watu wa Cebu, kisiwa kimoja cha huko Visayas, wanaila sana Ijumaa Kuu, siku wanayojizuia nyama, na mie nlipoionja tu nikajua hii ni futari, futari kabisa ya ndizi mbivu, wametia tu vidonge. Iombe ya moto. Shangazi aliuliza iliki iko wapi, nikamwambia hawatii, akafungua mkoba akatoa zake.