Msimu Ukiharibika, Hoteli Inabaki na Nini?

Nashughulikia mambo ya wafanyakazi kwenye hoteli za Arusha, mji ambao wageni wakikosekana hata muuza mboga wa soko la Kilombero anajua. Aprili 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa nchini. Mei 18 anga likafunguliwa, lakini wageni hawakurudi kwa kasi hiyo. Ukitaka kuhimili kipindi kama kile, jiandae kabla hakijafika.

Chukua karatasi. Kushoto andika kazi ambazo zikilala siku moja tu, hoteli inayumba: kuwasha jenereta, kufunga hesabu za usiku mapokezi, kuandaa mishahara, kupokea mzigo wa jikoni. Kulia andika majina ya wanaoweza kuzifanya bila kumpigia mtu simu. Usiache sharti hilo la simu, maana ukiuliza tu "nani anaweza?" kila mtu atanyoosha mkono. Penye jina moja, anzia hapo.

Mpe huyo mmoja mwanafunzi wa kumfundisha, wakati wa masika vyumba vikiwa vitupu. Fundi amwachie mlinzi jenereta, yeye asimame pembeni mikono mfukoni, aseme pale tu panapotokea hatari. Halafu mlipe posho ya kufundisha. Anayeona anaporwa kazi ataficha ujuzi wake, na mimi simlaumu. Likizo za siku 28 nazo zipangeni mapema, wengi wapumzike miezi hiyohiyo.

Hali ikibana kweli, usikimbilie barua za kuachisha watu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakutaka utoe taarifa mara tu unapofikiria kupunguza wafanyakazi, ueleze sababu, na mshauriane namna ya kuliepuka hilo. Waajiri wengi hukifanya kikao hicho kutimiza wajibu tu. Wewe weka mezani mapato ya mwezi, jumla ya mishahara na deni la umeme, kisha nyamaza. Usishangae dobi akitangulia kutaja zamu za nusu wiki. Mnachokubaliana kiandikwe, kisainiwe, na kiwe na tarehe ya mwisho. Mshahara uliokatwa bila kikomo humfukuza mpishi mzuri kwanza.

Mtakaoachana nao, hakikisha unabaki na namba zao za simu. Msimu wa Julai ukikaribia, wapigie hao kabla hujabandika tangazo la kazi.